Kutoka Mafigani Hadi Mapafuni: Kemia ya Moshi na Ahadi ya Nishati Safi

Msimu wa baridi unapofika katika nyanda za juu, kuanzia Njombe na Mbeya hadi Arusha na viunga vya Nairobi, habari ya aina moja hurudi kusikika. Familia imemaliza kupika chakula cha usiku. Mkaa bado ni mwekundu na chumba cha kulala kina baridi, hivyo jiko linaingizwa ndani, mlango unafungwa, na tambara linazibwa chini yake ili ubaridi usipenye. Asubuhi majirani wanabisha hodi na hakuna anayeitika.

Kinachowashangaza wengi katika misiba hii ni kwamba jiko lenyewe halikuwa na moshi. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri, haukuwasha macho wala kukohoza mtu. Kwa kipimo cha macho na pua, ambacho ndicho kipimo cha wapishi wengi, moto ule ulikuwa safi. Kwa kipimo cha kemia, haukuwa safi hata kidogo. Tofauti kati ya vipimo hivi viwili ndiyo chimbuko la utafiti mkubwa unaoendelea duniani kuhusu nishati safi ya kupikia, na matokeo ya utafiti huo ni ya kina zaidi kuliko yanavyoelezwa katika matangazo ya majiko.

Kinachotokea ndani ya moto

Ukuni hauungui kama wengi wanavyodhani. Sehemu yake kubwa ni selulosi, hemiselulosi na lignini, yaani molekuli ndefu zilizojengwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni. Joto linapopanda kupita nyuzi 200 hivi za Selsiasi, molekuli hizo huanza kuvunjika na kutoa mvuke wa gesi nyingi zinazoweza kuwaka. Ndimi za moto zinazoonekana juu ya kuni ni gesi hizo zinazowaka. Mti wenyewe hubaki nyuma ukigeuka kaa.

Endapo gesi hizo zitapata oksijeni ya kutosha, joto la kutosha, na nafasi ya kuchanganyika vizuri na hewa, kaboni yote itageuka kuwa kaboni dayoksaidi na haidrojeni yote itageuka kuwa maji. Huo ndio uunguaji kamili. Katika mafiga matatu masharti hayo hayatimizwi kwa pamoja. Sufuria ya maji baridi hupooza ndimi za moto, ukuni mbichi hutumia joto kukausha maji yake, na hewa huingia upande mmoja ikikosa kufika upande mwingine. Gesi zinazoponyoka kabla ya kuungua hupoa, hugandamana na kuwa matone ya lami na chembe za masizi. Moshi, kwa maneno mafupi, ni kuni ambazo hazikumaliza kuungua.

Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, fomaldehidi, benzini, na kundi la michanganyiko ya pete za kaboni ambayo baadhi yake husababisha saratani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, katika chapisho lake la mwaka 2010, liliuweka moshi wa kuni unaovutwa ndani ya nyumba katika kundi la visababishi vyenye uwezekano mkubwa wa kuleta saratani kwa binadamu. Mna pia chembe zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwani una unene unaokaribia mara 30 ya chembe hizo. Kwa udogo wake, hazinaswi na pua wala koo. Hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na zile ndogo kabisa huweza kuingia katika mkondo wa damu.

Sumu isiyo na harufu

Mkaa una hadithi yake. Mchomaji mkaa anapofunika tanuri lake kwa udongo, anayafanya magogo yavunjike kwa joto bila oksijeni ya kutosha. Gesi na lami hutoka huko porini, na kinachobaki ni kaboni karibu tupu. Ndiyo maana mkaa hautoi moshi mwingi jikoni: sehemu kubwa ya moshi wake ilikwisha kutoka tanurini, pamoja na sehemu kubwa ya nishati iliyokuwa katika mti.

Hata hivyo kaboni tupu ina hatari yake. Hewa inayoingia chini ya jiko hukutana na makaa ya moto na kutoa kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo inapopanda kupita katikati ya makaa mengine mekundu hunyakua kaboni nyingine, na kila molekuli moja ya kaboni dayoksaidi huzaa mbili za kaboni monoksaidi. Ndimi ndogo za buluu zinazocheza juu ya mkaa ni kaboni monoksaidi hiyo inayowaka inapokutana na hewa ya juu. Ndimi zikipotea na makaa yakaanza kufunikwa na majivu, gesi huendelea kutoka bila kuungua. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi.

Mwilini, kaboni monoksaidi hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka lakini haibebi mzigo wake. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, dalili ambazo ni rahisi kuzidhania kuwa ni malaria au chakula kibaya. Mhudumu wa afya naye huweza kudanganyika, kwa kuwa kifaa cha kawaida kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii, na hivyo huonyesha kiwango kinachoridhisha wakati mgonjwa yuko hatarini. Mjamzito yuko katika hatari maradufu, kwa sababu gesi hiyo huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye mwili wake huchelewa kuiondoa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa uchafuzi wa hewa ya majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020, vikiwamo vya watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Wachache kati yao hufa usiku mmoja kwa gesi ya mkaa. Walio wengi hupotea polepole kwa ugonjwa wa moyo, kiharusi, ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, saratani ya mapafu, na kwa watoto, nimonia.

Kipimo cha Laikipia

Mojawapo ya tafiti zilizobadilisha fikra katika uwanja huu ilifanyika Laikipia, nchini Kenya. Majid Ezzati na Daniel Kammen walifuatilia watu 345 katika kaya 55, wakipima moshi ndani ya nyumba na kuandika maradhi ya njia ya hewa yaliyowapata. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2001.

Mambo mawili yalijitokeza. Kwanza, moshi wa jikoni haulingani mchana kutwa. Hupanda ghafla wakati wa kuwasha moto, kuongeza kuni, au kukoroga chungu, na hizo ndizo dakika ambazo mwanamke na binti yake wako karibu kabisa na moto. Anayepima wastani wa chumba peke yake hukosa kuona mzigo halisi anaoubeba mpishi.

Pili, uhusiano kati ya moshi na maradhi haukuwa mstari ulionyooka. Maradhi yaliongezeka upesi moshi ulipopanda kutoka kiwango cha chini, kisha ongezeko likapungua kasi moshi ulipopita maikrogramu 1,000 hadi 2,000 katika kila mita ya ujazo. Maana yake kwa mtu anayebuni majiko ilikuwa nzito. Kama nyumba ina moshi wa maikrogramu 4,000 na jiko jipya likaupunguza hadi 2,000, mpishi ataona nafuu machoni, na mkaguzi ataandika kuwa moshi umepungua kwa nusu, lakini mapafu huenda yasitambue tofauti kubwa. Kupunguza moshi nusu si kupunguza maradhi nusu.

Utafiti wa Laikipia ulikuwa wa kufuatilia tu. Kaya yenye moshi mdogo huenda pia ina kipato kikubwa, chakula bora au nyumba yenye madirisha, na si rahisi kutenganisha mambo hayo. Ili kujua kama jiko lenyewe linalinda afya, ilibidi kufanya majaribio: kaya zigawanywe kwa kura, nusu wapewe jiko jipya, nusu waendelee na la zamani.

Majaribio yaliyowanyenyekeza watafiti

Jaribio kubwa la kwanza lilifanyika katika milima ya Guatemala chini ya Kirk Smith wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, likihusisha kaya 534. Nusu walipewa jiko la kuni lenye bomba la kutolea moshi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa moshi uliowafikia watoto ulipungua kwa nusu. Nimonia kwa jumla ilipungua, lakini si kwa kiasi cha kuondoa shaka ya kitakwimu. Nimonia kali ilipungua kwa takriban theluthi moja.

Nchini Malawi, watafiti walijaribu njia nyingine. Watoto 10,750 katika wilaya za Chikwawa na Karonga walihusishwa, na familia za kundi moja zilipewa majiko ya kuni yenye feni ndogo inayosukuma hewa motoni, pamoja na paneli ya sola ya kuchaji feni hiyo. Kikemia, wazo lilikuwa sahihi kabisa: ongeza oksijeni, gesi ziungue zaidi. Matokeo ya mwaka 2017 yalikuwa pigo. Nimonia ilikuwa visa 15.76 kwa kila miaka 100 ya watoto katika kundi la jiko jipya, na 15.58 katika kundi lingine. Tofauti haikuwapo.

Wengi walisema kosa lilikuwa kung'ang'ania kuni. Basi likafuata jaribio lililoziacha kuni kabisa. Wajawazito takriban 3,200 katika nchi nne, Guatemala, India, Peru na Rwanda, waligawanywa kwa kura, na nusu yao wakapewa jiko la gesi ya mitungi na gesi ya bure kwa muda wa miezi 18. Safari hii hewa ilisafika kweli. Katika kipindi cha ujauzito, kiwango cha chembe ndogo walichovuta kilikuwa maikrogramu 24 hivi, dhidi ya 71 kwa waliobaki na kuni. Lakini watoto walipozaliwa, uzito wao ulizidi ule wa kundi lingine kwa gramu 20 hivi tu, tofauti isiyo na uhakika wa kitakwimu. Na matokeo ya nimonia kali yaliyochapishwa mwaka 2024 yalikuwa visa 5.67 kwa 6.06 katika kila miaka 100 ya watoto. Hapa pia hakuna aliyeweza kusema kwa yakini kuwa gesi ilimlinda mtoto dhidi ya nimonia.

Matokeo haya hayapaswi kufichwa, wala hayapaswi kusomwa kama uthibitisho kuwa moshi hauna madhara. Nimonia ya mtoto hutokana na bakteria na virusi, nayo hutegemea lishe, chanjo, msongamano wa nyumba, na moshi wa jirani usiojua mpaka wa uzio. Hata maikrogramu 24 bado ni karibu mara tano ya kiwango cha wastani wa mwaka cha maikrogramu 5 kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Aidha, majaribio hayo yalidumu miezi, ilhali ugonjwa sugu wa mapafu wa bibi aliyepika kwa kuni miaka 40 hauwezi kupimwa kwa miezi 18. Na si majaribio yote yaliyotoka mikono mitupu: huko Ibadan, Nigeria, wajawazito 324 waligawanywa kati ya jiko la ethanoli na kuni au mafuta ya taa, na waliotumia ethanoli walipata ongezeko dogo zaidi la shinikizo la chini la damu katika ujauzito.

Funzo kwa mhudumu wa afya ni la uaminifu. Mama asiambiwe kuwa mtungi wa gesi utamkinga mwanawe na nimonia kama chanjo inavyofanya. Aambiwe kuwa chanjo, kunyonyesha na lishe vinabaki mahali pake, na kwamba hewa safi ni haki ya mapafu yake mwenyewe pia.

Kuzuia taka kabla haijatokea

Mwaka 1998 wanakemia Paul Anastas na John Warner waliandika kanuni 12 za kile kinachoitwa kemia ya kijani. Kanuni ya kwanza inasema kuwa ni heri kuzuia taka isizalishwe kuliko kuisafisha ikishazalishwa. Kanuni hii, iliyokusudiwa viwanda, inalifaa jiko kikamilifu. Bomba la moshi halizuii taka. Huihamishia nje, ambako hurudi dirishani kwa jirani. Nishati safi ni ile ambayo, kwa umbile la molekuli zake, haina nafasi kubwa ya kuzaa moshi.

Gesi ya mitungi ni propani na butani, molekuli za kaboni tatu au nne tu. Kwa kuwa ni gesi tangu mwanzo, huchanganyika na hewa kabla ya kufika kwenye mwali, na huungua karibu kikamilifu. Kasoro yake ni kwamba hutokana na mafuta ya kisukuku, na bei yake hufuata soko la dunia.

Ethanoli ina kaboni mbili na oksijeni yake yenyewe ndani ya molekuli, hivyo mwali wake hautoi masizi. Huweza kutengenezwa kwa kuchachusha molasi, masalia ya viwanda vya sukari. Tahadhari ni mbili: mwali wake hauonekani vizuri mchana, na shamba linalolimwa kwa ajili ya ethanoli lisile shamba la chakula.

Gesi ya samadi ni kazi ya vijidudu. Kundi la kwanza huvunja mabaki ya majani katika kinyesi, la pili huyageuza kuwa asidi, na la tatu, lisilostahimili oksijeni, hutoa methani. Gesi itokayo huwa na methani kati ya asilimia 50 na 70, na iliyobaki ni kaboni dayoksaidi hasa. Huwamo pia haidrojeni salfaidi kidogo, yenye harufu ya yai viza na inayokula vyuma. Hupunguzwa kwa kuipitisha katika vumbi la chuma lililoshika kutu. Nchini Tanzania kituo cha CAMARTEC, Arusha, kimeeneza mitambo hii tangu miaka ya 1980. Tope linalobaki ni mbolea. Lakini mtambo unahitaji ng'ombe wanaofungwa zizini na maji ya kila siku, hivyo haufai kila kaya.

Umeme hauunguzi kitu jikoni. Sufuria ya umeme ya kupikia kwa mgandamizo hupandisha joto la maji kupita nyuzi 100, na kwa kuwa imezungushiwa kizuia joto, hupika maharage na makande kwa nishati kidogo kuliko jiko la umeme la kawaida. Mahali ambapo umeme hutoka katika maji, jotoardhi, upepo au jua, kama ilivyo kwa sehemu kubwa ya umeme wa Kenya, faida hiyo huwa ya mapafu na ya mazingira kwa pamoja.

Mtihani wa mwisho ni wa kila siku

Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kugawa mitungi ni hatua ya kwanza. Kipimo kigumu ni kama mtungi utajazwa tena.

Mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa fedha ya siku hiyo. Mtungi hudai fedha ya mwezi mzima kwa mara moja. Hivyo katika nyumba nyingi gesi huchemsha chai asubuhi, na maharage yanayohitaji saa tatu hurudi kwenye mkaa. Kwa hesabu za taifa kaya hiyo ina nishati safi. Kwa hesabu za mapafu, bado inavuta moshi. Ndiyo sababu ya kuwapo mita zinazomruhusu mpishi kulipia gesi kidogo kidogo, na ndiyo sababu sufuria ya mgandamizo, inayoshughulikia vile vyakula vinavyochelewa kuiva, ina umuhimu kuliko bei yake inavyoonyesha.

Kwa kaya ambayo bado haijafikia huko, kemia ileile inatoa ushauri usiohitaji fedha. Kuni zikaushwe kabla ya kutumika. Kupikia kufanyike nje au penye upenyo wa hewa pande mbili. Maharage yalowekwe usiku kucha ili moto uwake kwa muda mfupi. Mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kuwasha moto na kuongeza kuni. Jiko la mkaa liwashwe nje na lizimwe nje, na lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, hata kama makaa yanaelekea kufa. Akikutwa mtu amezidiwa katika chumba chenye jiko, milango ifunguliwe, atolewe nje mara moja na afikishwe hospitali, na wahudumu waelezwe kuwa kulikuwa na mkaa ndani. Neno hilo moja ndilo litakalomfanya mganga aache kukiamini kifaa cha kidoleni na kumpa mgonjwa oksijeni.